Nina vyeti sita na sina mshahara: nilipie tena mafunzo ya parachichi?

Mjomba, shikamoo.

Naomba unisaidie mawazo, maana nikiwauliza wenzangu kila mmoja ananiambia lake. Nina miaka 26. Kwetu ni Mgeta, ila tangu nimalize kidato cha nne nipo hapa Morogoro mjini. Nimepanga chumba Kihonda na mwenzangu anayeuza mitumba.

Kwa karibu mwaka na nusu nafanya kazi kwa mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha siagi ya karanga na unga lishe. Nikisema kiwanda usifikirie majengo, ni vyumba viwili vya uani, mashine ya kusaga, jiko la kukaangia na meza ya kufungashia. Tupo wasichana watatu. Nafika saa mbili asubuhi, nachambua karanga, nakaanga, napeta maganda, nasaga, najaza makopo na kubandika stika. Jioni mara nyingi mimi ndiye ninayebeba maboksi kupeleka madukani, kwa sababu wenye maduka nawafahamu. Hata hesabu za wanaochukua kwa mkopo ziko kwenye daftari langu.

Napewa nauli ya elfu tatu kwa siku na chakula cha mchana. Nilipomgusia habari ya mshahara alinijibu, "Wenzako wanalipa ada kujifunza haya, wewe nakufundisha bure." Nikanyamaza. Ni mtu mwema, mjomba. Mdogo wangu alipolazwa alinipa hela ya dawa bila mimi kuomba, kwa hiyo naona aibu kumdai.

Nimejitahidi kujiendeleza. Nina vyeti sita: sabuni za maji, batiki, kuku wa kienyeji, uyoga, usindikaji wa matunda na mboga, na ujasiriamali. Vingi ni vya siku mbili, kirefu kuliko vyote ni cha siku tano. Nikiomba kazi natoa nakala za vyote na kuviambatanisha. Hakuna aliyewahi kuniita.

Sasa kuna kundi la WhatsApp nimeunganishwa. Wanatangaza mafunzo ya wiki tatu ya parachichi, kuanzia shambani mpaka kusafirisha nje, ada ni shilingi 350,000. Wanasema ukimaliza unaunganishwa moja kwa moja na ajira Njombe kwenye kampuni zinazouza nje. Nafasi zimebaki chache na wanataka nitume nusu ya ada kabla ya Ijumaa kwa namba ya simu. Kwenye kikoba nina 210,000, nikivunja nitakuwa sina kitu.

Mwenzangu wa chumbani ananiambia nisilipe, nisubiri BBT, ule mpango wa serikali wa kilimo kwa vijana, kule ni bure na mnapewa shamba. Kaka mmoja wa hapa mtaani anasema tukope ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, ninunue mashine yangu. Na mama yangu mzazi anapiga kila Jumapili nirudi Mgeta nikalime, anasema mashamba ya ukoo yapo na mimi huku mjini nazeeka bure.

Nilipie? Niache kazi? Nikope? Au nirudi nyumbani?

Ni mimi,
Mwenye Vyeti Sita, Kihonda

Marahaba, mpwa wangu.

Hiyo hela usiitume. Naanza na hilo kwa sababu wamekupa mwisho wa Ijumaa, na ukishatuma, mengine yote nitakayokuandikia yatakuwa ya kukupa pole tu.

Sisemi kwamba parachichi halina kazi. Njombe, Iringa, Mbeya na Kilimanjaro zao hilo limejenga nyumba za watu, na tangu Tanzania na China zikubaliane mwaka 2022 kuhusu kuuza parachichi kule, kila mwenye simu amekuwa mtaalamu. Lakini zitazame kazi zenyewe. Msimu wa mavuno ukifika, kampuni huhitaji watu wengi wa kuchuma, kupanga madaraja na kufungasha. Hao hulipwa kwa siku, huelekezwa palepale kituoni, na msimu ukiisha wanarudi makwao. Kazi za kudumu ni chache na zina wenyewe: anayejua kubebesha miche kitaluni ikashika, anayepima tunda kabla halijachumwa kujua kama limekomaa, anayetunza kumbukumbu za shamba ili mkaguzi wa soko la nje akija aone dawa gani ilipigwa, lini na kwa kipimo gani. Hakuna hata moja kati ya hizo utakayoimudu kwa wiki tatu za kukaa ukumbini.

Halafu kuna hilo la kukuunganisha na ajira. Chuo kinaweza kukutoza ada ya kufundisha. Anayetafutia watu kazi, kwa kanuni zetu, anatakiwa alipwe na mwajiri, si na wewe mtafuta kazi. Huduma ya ajira ya serikali, TaESA, haimtozi mtu anayejiandikisha. Hawa wamechanganya mambo mawili kwenye ada moja ili usijue unalipia lipi. Kama bado roho inakuvuta, waandikie hukohuko kundini, mbele ya wote: mwajiri wa Njombe anaitwa nani, na usajili wenu wa NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, ni namba gani? Kisha angalia kama hutaondolewa kundini kabla ya magharibi.

Sasa nije kwenye kitu ulichokitaja kwa mstari mmoja ukapita. Daftari.

Barua yako yote umeniorodheshea vyeti, lakini daftari la madeni ya madukani ndilo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Nchi hii haina upungufu wa watu wanaojua kutengeneza siagi ya karanga. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ipo tangu 1973, ina ofisi mikoani kote, na imefundisha kina mama kusindika kizazi baada ya kizazi. Nenda viwanja vya Nanenane hapo Morogoro mwezi wa nane, utakuta meza kwa meza: siagi ya karanga, unga lishe, pilipili ya chupa, mvinyo wa rosela. Bidhaa ni nzuri. Muulize mwenye meza, kopo moja linakugharimu kiasi gani mpaka linafika dukani? Wengi watakutajia bei ya karanga na bei ya kopo, basi. Mkaa, umeme, stika, nauli, na lile kopo lililokaa dukani miezi mitatu likarudishwa, havimo. Kazi yako, wewe binti, haimo kabisa.

Hapo ndipo kazi ilipo kwenye hizi biashara ndogo za chakula, na hakuna anayeitangaza kwa sababu mwenye biashara hajui kwamba anaihitaji. Anachojua ni kwamba hela haionekani.

Kwa hiyo fanya hivi kwa wiki mbili. Pima karanga zinapoingia. Pima tena baada ya kuchambua, tena baada ya kukaanga na kupeta. Tuseme mlinunua kilo 100. Zilizosinyaa na zenye ukungu zimetoka, maji yamekauka jikoni, maganda yamepeperuka, mashineni zimeingia kilo 82. Kama mama anapanga bei ya kopo kwa hesabu ya kilo 100, kila kopo anamfadhili mteja, na mwisho wa mwezi atasema biashara ina mkosi. Andika pia duka gani linalipa kwa wakati, lipi linazungusha, lipi linamaliza boksi kwa wiki na lipi linaacha makopo yaliwe na jua dirishani. Wewe unayajua haya kichwani. Yakiwa kwenye karatasi yana bei.

Ukishakuwa na karatasi hiyo, zungumza naye habari ya malipo.

Kwanza ujue unasimama wapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Haisemi kwamba viwanda vya uani vimesamehewa. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwenye kilimo na 150,000 kwenye biashara na viwanda. Viwango hivi hupitiwa upya na kupanda, kwa hiyo pita ofisi ya kazi ya mkoa uulize cha leo kabla hujataja namba yoyote. Elfu tatu yako mara siku 26 ni 78,000. Hata tukikubali kuiita nauli mshahara, ni kama nusu tu ya kile cha 2023.

Nakwambia haya uyajue, sikutumi uende ukampige nayo kichwani. Huyo mama anaweza kuwa kweli hana, na sababu mojawapo ya kutokuwa nacho ni hizo kilo 18 zinazopotea bila hesabu. Hela aliyokupa mdogo wako alipolazwa ni wema, mshukuru kwa wema huo mpaka kesho, lakini usiuingize kwenye hesabu ya mshahara. Na lile neno kwamba anakufundisha bure lilikuwa kweli miezi ya kwanza. Mwanafunzi haachiwi daftari la madeni, wala hatumwi peke yake kukusanya fedha za watu.

Chagua siku ambayo hamna oda. Usiende na wenzako wawili nyuma yako kama mgomo, ingawa ukifanikiwa usiwasahau, nao wanakaanga palepale. Mwambie hivi, kwa maneno yako mwenyewe: "Mama, nakushukuru kwa kunifundisha kazi. Nimepima kwa wiki mbili zilizopita, naomba nikuonyeshe. Karanga tunazoingiza na zinazosagwa hazilingani, na haya maduka matatu yanatudai uvumilivu kuliko yanavyotulipa. Nataka niendelee kusimamia hili, lakini naomba tuandikiane. Nilipwe kwa mwezi, na kama sasa haiwezekani yote, basi tuanze na malipo ya siku pamoja na sehemu kidogo ya madeni ninayokusanya, kisha baada ya miezi mitatu tupandishe." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa kuomba samahani. Wanawake vijana wengi mnaharibu hapo, mnataja haki yenu halafu mnaifunika wenyewe.

Akikubali, ukurasa mmoja unatosha, saini mbili, kila mtu na nakala yake. Akikataa kabisa, mpe mwezi wa kutafuta mtu, ondoka kwa heri, na umwombe barua inayosema umefanya nini kwake: kuchambua, kusindika, kusambaza, kutunza hesabu za maduka kadhaa. Barua hiyo yenye muhuri wa biashara, na namba ya mtu anayeweza kupigiwa, itakutafutia kazi kuliko vyeti vyote sita.

Na hivyo vyeti, punguza. Sikejeli semina, nami nimekula posho za semina na wali wake. Lakini mwajiri wa karanga akikuta batiki, uyoga na sabuni kwenye bahasha moja, anaona mtu ambaye bado hajajua anataka nini. Bakiza usindikaji, bakiza ujasiriamali ukipenda. Vingine viweke sandukuni.

Unauliza ujifunze nini basi. Nakujibu bila kuzunguka: sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga.

Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na malori yakasimama mpakani. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoongoza kwa kushika sumu hii, na unga lishe wenu bila shaka una vyote viwili, tena unaliwa na watoto wadogo. Sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haina harufu. Kukaanga huipunguza, hakuimalizi. Kinachosaidia zaidi kipo mikononi mwenu wachambuaji: punje iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyovunjika au yenye ukungu itoke, na isirudishwe kinyemela kwenye gunia la unga lishe ili isipotee. Nimeona watu wakifanya hivyo, wanasema ni kwa ajili ya uji tu. Ndiyo maana nalisema.

Uliza pia karanga zinatoka wapi na zilibanguliwaje. Kuna wakulima wanaozilowesha kwanza ili ganda lilainike zibanguke kirahisi, kisha wanazitia kwenye gunia zikiwa na unyevu. Ukungu hauhitaji mwaliko zaidi ya huo. Kwa mahindi kuna kipimo cha mkulima: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje za mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudi juani, tena juu ya turubai, si chini ya udongo. Stoo nayo iwe na chaga, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Mnaonunua kwa wingi, ulizeni mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa.

Kama unga lishe wenu una soya, hakikisha inachemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa, mbichi inamzuia mtoto kumeng'enya protini. Na ushauri wangu kwa bosi wako, ingawa hakuniuliza: karanga ziondoke kwenye unga wa watoto mpaka awe na uhakika wa anakozipata. Mama wa mtoto anaweza kuongeza kijiko cha siagi iliyochambuliwa vizuri wakati wa kupika.

Mtu anayeyajua haya kwa vitendo, na kuyaandika kila siku, anatakiwa. Anatakiwa na wasindikaji wadogo wanaohangaikia alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linaloshughulikia pia usajili wa majengo ya chakula baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Hukuniambia kama makopo yenu yana alama hiyo. Kama hayana, hapo pana shule ya bure. Nenda SIDO Morogoro ueleze kiwanda kilipo, kuna utaratibu wa mjasiriamali mdogo kupitia kwao kwenda TBS na kupunguziwa gharama. Fuatilia wewe: ramani ya vyumba, vyeti vya kupima afya vya wote mnaoshika chakula, sampuli, stika yenye tarehe na uzito sahihi, kisha msimbo wa mistari, ule unaoanza na 620 kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania. Ukiipitisha bidhaa moja njia nzima, wa pili atakufuata mwenyewe, na huyo utamtoza.

Kama unataka mafunzo ya darasani juu ya hayo, una bahati ya mahali ulipo. SUA, chuo kikuu cha kilimo, ipo hapohapo, ina walimu wa sayansi ya chakula na hutoa kozi fupi. Kabla ya kulipa popote uliza maswali ya kukera kidogo: nitashika mashine au nitaangalia picha ukutani? Darasa lina watu wangapi? Aliyemaliza mwaka jana yuko wapi nimpigie? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao wana utaratibu wa kumtambua mtu aliyejifunza kazi akiwa kazini, anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti chenye uzito. Hapo Kihonda kuna chuo chao, nenda uulize kama fani yako imo mwaka huu. Na ukiwa hapo chungulia karakana ya zana za kilimo. Mashine za kusaga na za kukamua alizeti zinaharibika kila wiki, mafundi wake hawatoshi, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba ni kazi ya wanaume.

BBT nitaipita haraka. Awamu ya kwanza waliomba vijana zaidi ya 20,000, wakachukuliwa 812. Wakitangaza, omba, ni bure. Ila usikae mlangoni ukisubiri.

Mkopo wa halmashauri ni kitu kizuri, hauna riba, asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorudi, ukaanza tena 2024. Lakini unakopeshwa kikundi, watu wasiopungua watano, na deni ni la wote. Huyo kaka wa mtaani anayesema "tukope ununue mashine yako" tayari amechanganya hesabu. Mashine itakuwa ya nani siku mkigombana? Tena mashine siyo inayokukwamisha. Mwenye mashine mwenye muda wa ziada atakusagia kwa kilo, ulipe uondoke. Kinachowakwamisha wanaoanza ni karanga safi kwa bei inayojulikana na maduka yanayolipa. Jenga kikundi kwanza, pengine hao wasichana wawili na kina mama wenye maduka unaowaamini. Wekeni akiba mwaka mzima mkionana kila wiki. Mkifika huko bila kugombana, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikoba chako usikivunje.

Imebaki Mgeta, na mama yako.

Hajakosea kama unavyodhani. Mgeta kuna maji, baridi, mboga mwaka mzima, matunda yasiyokubali huku chini, na mbuzi wa maziwa walioingia tangu miaka ya 1980. Kinachokosekana ni mtu wa mjini anayejua duka gani linalipa. Yaani wewe. Kwa hiyo sikushauri ufunge mizigo, nakushauri uwe mkono wa nyumbani hapa mjini. Anza na mzigo mdogo wa mama yako na majirani wawili, uone faida baada ya nauli na kuoza.

Ila shamba lisimamie mapema, usisubiri mpaka ulihitaji. Kwenu Uluguruni ardhi ya ukoo inakwenda upande wa mama, kwa hiyo haki yako ipo, na mwenye neno ni mjomba wako wa damu, si mimi wa gazetini. Panda Jumamosi moja ukakae naye pamoja na mama. Ukikatiwa sehemu, iandikwe na ipelekwe serikali ya kijiji, ukiweza uombe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na usikubali kuonyeshwa kwa kidole ukiwa umesimama barabarani. Tembea mpaka kwenye mipaka yenyewe, majirani wa pande zote wakiwepo.